Sanamu Lisilo na Mikono

Siku Bonyeza aliyokuja kuniaga nilivaa gauni langu la kazi, lile la kijivu lenye madoa ya chaki, makusudi kabisa, asije akadhani nimejipamba kwa ajili yake. Kisha nikaenda kujitazama kwenye kioo cha wateja mara nyingi kuliko bibi harusi.

Jina lake silo hilo, bila shaka. Mama mkwe wangu ndiye aliyempachika, siku ya kwanza alipokuja dukani na kompyuta yake kwapani akakaa kunifundisha: bonyeza hapa, sasa bonyeza pale, rudi nyuma, haya bonyeza tena. Mama alikuwa kwenye kiti chake anashona vifungo, anasikiliza. Jioni akaniambia, "Mwanangu, huyu Bonyeza wako ana mama kweli, au naye alibonyezwa tu mahali akatokea?" Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Tangu siku hiyo jina likaganda.

"Wako," alisema. Nilidhani limemponyoka tu.

Mimi ni fundi cherehani, na ni mjane. Mume wangu aliondoka ghafla. Asubuhi alitoka kwenda kazini anapiga mluzi, jioni nikaletewa viatu vyake. Aliniacha na mama yake, ninayempenda kama aliyenizaa, na duka hili lililo mbele ya nyumba yao, na sanamu la kushonea. Ni kiwiliwili cha kitambaa juu ya mguu wa chuma, hakina kichwa wala mikono. Mume wangu alikuwa hapendi kupimwa, anasema namtekenya, basi nikalijaza lile sanamu vipande vya nguo, kifuani kidogo, tumboni zaidi kidogo, mpaka likawa yeye mtupu. Alipofariki sikuwa na moyo wa kuvitoa. Kila asubuhi nikifungua duka nalisalimia. Watu wangenisikia wangesema nimerukwa na akili, lakini hao watu wenyewe walikuwa wapi?

Maana zamani walikuwepo. Benchi la duka langu lilikuwa halipoi. Huyu kaja kupimwa, yule kamsindikiza, wa tatu hana shida yoyote ila kapita kusikia nani kaolewa na nani karudishwa kwao. Halafu biashara ikahamia kwenye simu, nami nikahama nayo. Nikawa naweka picha za magauni kwenye stetasi na kwenye magrupu, kama kila mtu. Ilikuwa tabu tupu. Picha leo ipo kesho imefutika, mteja anauliza bei halafu anapotea, mwingine anatuma ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya harusi, humo ndani kiuno chake kimechanganyika na habari za mgonjwa wao.

Bonyeza alikuja kupunguziwa suruali. Alikaa pale kwenye benchi akanitazama ninavyohangaika na simu sikioni na mkasi mkononi, akasema, "Dada, hapo unauza barabarani. Wewe unahitaji duka lako ndani ya simu, lenye mlango wake na rafu zake." Ndiyo kazi yake, kuwatengenezea wenye biashara ndogo programu zao. Nikamwambia sina uwezo huo. Akasema ataanza na ndogo, tukuze taratibu. Suruali ilikuwa tayari kesho yake, lakini aliendelea kuja kuiulizia.

Programu ilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Mteja anachagua kitambaa, anachagua mshono, anaandika vipimo vyake, analipa, na nguo ikiiva anakuja mtu wa pikipiki kuichukua. Mtu wa pikipiki havui kofia yake ngumu. Nilikuwa namjua kwa kofia tu, nyekundu, ina mkwaruzo upande wa sikio. Simu ikilia ti-ting, ni agizo. Ikilia tena, mteja kanipa nyota tano na kuandika, "Fundi mzuri sana." Nyota tano, nyota tano, kila siku nyota tano, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimeamkaje. Benchi likaanza kuota vumbi. Kama si Mama kwenye kiti chake, na Bonyeza kupita jioni na visingizio vyake, ningesahau sauti yangu ilivyo.

Sasa sikiliza mambo yalivyoharibika.

Watu hawajui kujipima. Mtu anapima kifua juu ya sweta, mwingine anapima kiuno kavuta pumzi. Nikamwambia Bonyeza sitaki kuharibu vitambaa vya watu, vipimo visipopatana programu imkatalie mteja na kumwambia afike dukani apimwe. Akanitania, "Yaani natengeneza duka la kwenye simu, na wewe unataka watu waje kwa miguu?" Lakini akafanya. Kisha akaongeza ukurasa wa "Jinsi ya Kujipima", wenye picha. Yeye alisimama, mimi nikashika tepu, na simu tukaiegesha kwenye kopo la vifungo ikawa inapiga yenyewe.

Nimepima wanaume wengi maishani. Wanaume kwangu ni namba, bega hivi, shingo hivi, nenda zako urudi wiki ijayo. Siku ile nilipima bega la Bonyeza nikasahau namba kabla sijaitamka. Nikapima tena. Tulipofika mkononi nikamshika kiganja kuunyoosha, na simu ikapiga picha, ikapiga nyingine, ikapiga nyingine, wala hakuna aliyekumbuka kuachia. Jioni hiyo, akiwa mlangoni, akaniuliza polepole, "Nikitaka kuja kwenu kwa heshima, nimwone nani?" Nikamwambia nipe muda nifikiri. Muda wa nini, hata mimi sijui. Jibu nilikuwa nalo mdomoni kama pipi.

Basi wifi yangu, dada yake marehemu, ambaye ameolewa upande wa pili wa mji, siku moja akaamua kuagiza gauni. Mtu mwenye duka la kaka yake, kaingia kwenye programu kama mteja wa kawaida! Akafungua ukurasa wa kujipima. Kesho yake asubuhi alikuwa dukani kwangu, simu imenyooshwa mbele ya pua yangu.

"Wifi, hii mikono ya nani?"

"Yangu. Si unaona alama ya pasi kwenye kidole gumba?"

"Naona. Na unafanya nini hapa?"

"Napima, wifi. Ni kazi."

"Kazi!" Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mimi nimepimwa na mafundi tangu nikiwa shule. Hakuna aliyewahi kunishika hivi. Tazama. Tazama mwenyewe hicho kiganja."

Nilitazama. Mungu nisamehe, alikuwa anasema kweli. Mji mzima ulikuwa unajifunza kujipima kwa picha za mwanamke aliyependa.

"Sina ubaya na wewe," wifi akasema, na sasa sauti ilikuwa imelegea, jambo lililoniuma zaidi ya ukali. "Umemtunza mama yetu, nani asiyejua? Lakini ukiolewa, Mama abaki na nani? Mwanawe mmoja yuko udongoni. Na wewe uondoke? Utamuua. Huyo mtu akabidhi kazi yake aende zake. Na hizi picha zitoke, zipigwe nyingine. Sanamu lipo, tumia sanamu."

Mama alikuwa chumbani, pazia limeteremshwa. Hakusema kitu. Nilisubiri aseme kitu, chochote, lakini alikuwa kimya kama maji mtungini, na ukimya wake nikausoma kuwa ndio uamuzi. Nikamwambia wifi, sawa.

Nikampigia Bonyeza aje kukabidhi kazi, na siku aliyokuja ndiyo niliyovaa gauni la chaki.

Bonyeza alifika wifi akiwa ameshatangulia, amekaa katikati ya benchi, mkoba mapajani kama askari wa zamu. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote na shati la mteja mapajani, anatia vifungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Dada, tuanze?"

Dada. Tangu siku ya tepu alikuwa ameacha kuniita dada. Alikuwa ananiita "wewe" tu, kwa namna ambayo neno hilo liligeuka kuwa jina zuri kuliko yote niliyowahi kuitwa. Leo nimerudishwa kwenye udada, tena mbele za watu. Nikavuta kiti.

"Agizo likiingia, unalifungua hapa," akasema, macho kwenye kompyuta.

"Najua."

"Kitambaa kikiisha unakiondoa kwenye rafu, mteja asikione."

"Najua."

"Mteja akilalamika, usimjibu ukiwa na hasira. Kunywa maji kwanza."

"Hilo nalo liko kwenye programu?"

Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza siku ile. "Hilo liko kwangu. Ninakujua." Wifi akakohoa. Bonyeza akarudi kwenye kompyuta yake. "Basi unajua yote. Utaendesha mwenyewe. Mimi nimepata kazi mji mwingine, kampuni moja ya maduka makubwa. Wanataka nianze mwezi ujao."

Mkasi ulikuwa mezani, nikauchukua nikaurudisha palepale. "Hongera," nikasema. Sauti ilitoka nzuri tu. Ukishona nguo za misiba na za harusi kwa cherehani moja, unajifunza kuzuia uso.

"Baba," Mama akasema bila kuinua macho kwenye kifungo, "na hizi picha za kupima, siku huyu mwanangu akitaka kuzibadilisha, anabonyeza wapi?"

"Hapo hapana pa kubonyeza, mama. Nguo na bei anaweka mwenyewe. Lakini ukurasa ule umeshonwa ndani kwa ndani. Kuubadilisha lazima niufumue mimi."

"Ah. Na picha zikiwa mbaya, watu wakapima vibaya?"

"Programu inawakatalia. Inawaambia wafike dukani wapimwe na fundi."

"Basi pigeni vizuri leo," wifi akasema, "asihitajike tena."

"Ndiyo," Mama akasema, akakata uzi kwa meno. "Vizuri."

Tukalivuta sanamu katikati ya chumba. Bonyeza akapiga magoti na simu yake, mimi nikazungusha tepu shingoni kwa sanamu. Lilikuwa la baridi. Vipande nilivyovijaza mwenyewe vilikuwa vimeganda, na bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, sikuwahi kuliona hilo. Miaka yote ile nimelisalimia, nimelivika, nimelifuta vumbi, na halijawahi kunishika mkono. Lingenishika na nini?

"Ndiye?" Bonyeza akaniuliza kwa sauti ya chini, wifi asisikie.

"Ndiye."

Akalitazama kwa muda, bila wivu, kama mtu anayetambulishwa kwa mwenye nyumba. "Alikuwa na mabega mazuri," akasema.

Hapo ndipo macho yangu yalipojaa. Angemtania, ningestahimili. Angenyamaza, ningestahimili pia. Nikageuka kama natafuta pini, pini zote ziko kifuani kwangu nimezichomeka.

Tulimaliza shingo, kifua, kiuno. Kisha Bonyeza akasimama, akajikuna kichwa.

"Bado mkono," akasema. "Sanamu halina mikono."

Sote tukalitazama, kana kwamba labda tukisubiri litaota. Bonyeza akaanza kukunja shati lake, taratibu, pengine kwa mazoea tu.

"Hapana!" wifi akaruka. "Wako hapana."

"Basi wako, wifi," nikasema.

"Mkono wangu uonekane kwenye simu za watu? Mume wangu aniulize nani ananishikashika? Wewe!"

"Wangu basi," Mama akasema.

Akaweka shati chini, akainuka, magoti yakalia. Akaja akasimama pembeni ya sanamu, akatoa mkono wake mwembamba kwenye kitenge. Ulikuwa umekunjika kiwikoni, kama mtu aliyebeba kikapu.

"Unyooshe, mama."

"Ndiyo mwisho wake, mwanangu. Baridi yabisi hii."

Nilishangaa. Magoti ndiyo yalikuwa yakimsumbua, habari ya kiwiko ilikuwa mpya, nikajilaumu kwamba niko na huzuni zangu wala sioni mzee anaumwa wapi. Bonyeza akateremsha simu.

"Mama, hivi watu watapima mkono umekunjwa. Kipimo kitakuwa kirefu, hakitapatana na urefu wao."

"Andika chini, 'Nyoosha mkono.' Andika kwa herufi kubwa, baba."

"Watu hawasomi, mama. Wanatazama picha."

"Piga," wifi akasema. "Tusikeshe hapa."

Nikaweka tepu begani kwa Mama, nikaipitisha kiwikoni, nikaifikisha kwenye kifundo cha mkono. Tepu ikaniponyoka, nikaiokota, na Mama akaufunika mkono wangu kwa kiganja chake kingine, akaubana kidogo, akauachia. Simu ikapiga.

Nilimsindikiza Bonyeza mpaka kizingitini, si zaidi. Nyuma yangu wifi alikuwa anavaa viatu kwa makelele.

"Ukinihitaji kwa kazi, nipigie," akasema. "Kwa kazi tu. Sitaki kukuvunjia nyumba."

"Nenda salama."

"Ulikuwa hujanijibu."

"Jibu umeliona."

"Nimeona la wifi yako. Lako sijalisikia."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na neno hilo kwa wiki nzima, nimelilalia, nimeamka nalo, nimelishonea ndani ya kila pindo. Wifi akatokea begani kwangu, "Haya, kwaheri baba, asante kwa yote," na neno likarudi lilikotoka. Bonyeza akashuka barabarani na kompyuta yake kwapani. Nilimfuata kwa macho mpaka kwa kinyozi, pale barabara inapokata, nikasema moyoni akigeuka nitakimbia. Hakugeuka.

Siku zilizofuata sina la kuzisifia. Nilifungua duka, nikafunga duka. Nililala upande wangu wa kitanda kama mtu aliyepanga. Nikawa nafungua ule ukurasa wa picha, mikono yangu ileile, alama ya pasi ileile, imeshika kitambaa. Wifi alikuwa amepata alichotaka. Kwenye picha mpya hakuna mtu ambaye angeniuliza kitu, mikono ilikuwa ya fundi tu. Asubuhi moja nikagundua nimeacha kulisalimia sanamu, na hapakuwa na mwingine wa kumsalimia.

Kisha akaja mwalimu mmoja wa kike, jasho linamtoka, simu mkononi.

"Wewe ndiye fundi? Programu yako imenikatalia. Eti vipimo vyangu havipatani. Nimejipima, mume wangu kanipima, tumegombana kwa ajili ya mkono wangu!"

"Nionyeshe ulivyopima."

Akakunja mkono kama aliyebeba kikapu.

"Mwalimu, mkono unanyooshwa."

"Si ndivyo ilivyo kwenye picha?"

Nikampima, akakaa kwenye benchi kupumzika, akaanza kunisimulia habari za mwalimu mkuu wao. Hajamaliza, akaingia muuguzi, mkono umekunjwa. Kesho yake wakaja mtu na dada yake, na mzee wa duka la vioo, na dereva mmoja aliyesema kwao wote wamejipima hivyohivyo na sasa wanadhani wana mikono ya sokwe. Mtu wa pikipiki naye alikuwa ameagiza shati, naye kakataliwa. Kwa mara ya kwanza akavua kofia. Alikuwa na mwanya, na vishimo mashavuni, kijana wa watu mzuri tu. "Kumbe una uso!" nikamwambia, duka zima likacheka.

Ndiyo, duka zima. Benchi lilikuwa limejaa tena, wengine wamesimama, vumbi limefutwa na makalio ya watu. Walisemezana, wakatambuana, mmoja akamtafutia mwenzake mchumba palepale. Na mimi katikati yao, tepu shingoni, nacheka nao, na kila mlango ukitiwa kivuli moyo unaruka, halafu unakaa chini. Sijawahi kuwa mpweke kama katikati ya watu wale. Ni afadhali benchi tupu, lile halikupi matumaini.

Walipoondoka wote, Mama akaniita kutoka kwenye kiti chake.

"Mwanangu, kazi hii itakushinda. Hizi nguo utazishona saa ngapi, ukishinda unapima?"

"Ni picha, mama. Picha inawapotosha."

"Basi mwite mwenyewe aje aifumue."

Nikamtazama. Alikuwa anatafuta tundu la sindano, jicho moja kalifumba.

"Wifi alisema..."

"Wifi yako alisema asihitajike. Si anahitajika? Mpigie."

Nilipiga nikiwa nimesimama mbele ya sanamu, nimelipa mgongo. Simu ikaita kwa muda, nikadhani ameshahama. Kisha akapokea, na nyuma yake nikasikia sauti ya utepe wa gundi ukivutwa, mtu anafunga maboksi.

"Ni kazi?" akauliza.

"Ni kazi. Ile picha ya mkono."

"Nilijua. Nimeona programu inavyowarudisha watu." Nikasikia boksi likisukumwa. "Nitaifumua nikiwa huku huku. Unitumie tu picha nyingine. Si lazima nije."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kisingizio chote kimekwisha. Hakuna programu, hakuna wifi, hakuna picha. Limebaki lile neno langu peke yake, na aidha nalisema au naagana na maisha.

"Njoo," nikasema. "Kuna jibu lako nilibaki nalo. Siwezi kulituma kwa simu."

Sauti ya utepe ikakoma.

"Nakuja," akasema. "Nakuja sasa hivi."

Niliweka simu chini. Nikageuka nimwambie Mama, na nikamkuta hayuko kwenye kiti. Alikuwa kwenye kabati, amesimama kwa ncha za vidole, anatoa kikombe cha wageni kwenye rafu ya juu kabisa, ile ambayo hata mimi naifikia kwa shida. Mkono wake ulikuwa umenyooka moja kwa moja, kutoka begani mpaka kwenye kucha, kama rula yangu ya mbao.

"Mama!"

Akageuka na kikombe chake. Akautazama mkono, akaukunja polepole, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Leo hakuna baridi," akasema.

"Mama, mkono wako ulikuwa mzima."

"Mkono wangu mimi au wako?" Akaanza kukipangusa kikombe kwa pembe ya kitenge. "Siku ile binti yangu alipokuja na simu yake, alikuonyesha mikono yako akaona aibu. Baadaye nilimwomba anionyeshe na mimi. Nilitazama sana. Mikono hiyo niliiona zamani, ilipokuwa inamshika mwanangu. Nilifikiri imekufa naye."

Nikakaa kwenye benchi.

"Kwa nini ulinyamaza?" nikauliza.

"Kwa sababu niliogopa," akasema, wazi kabisa, bila kujitetea. "Niliogopa nitabaki peke yangu. Nikakaa nyuma ya pazia nikakusikia unasema 'sawa', na usiku nikasikia unavyojigeuza kitandani. Nikasema, kumbe sote wawili tuko peke yetu humu ndani. Sasa faida iko wapi?"

Nikaenda nikamwinamia, nikaweka uso wangu begani kwake, akanipigapiga mgongoni kwa mkono ule ule mzima.

"Na wewe je, mama?"

"Mimi nitalala kwa binti yangu, ana chumba, na domo lake nalijua. Asubuhi nitakuja hapa kwenye kiti changu. Vifungo atatia nani, Bonyeza?" Akanisukuma taratibu. "Kaoshe uso. Na hilo gauni la chaki livue, usimtie mtu hofu."

Nilikuwa nimefika mlango wa ndani aliponiita tena. Alikuwa amesimama karibu na sanamu, mkono wake umekaa juu ya lile bega la kushoto lililoshuka, analipandisha kidogo, kama mama anavyomrekebisha mtoto kola kabla ya kwenda shule.

"Kabla hajafika," akasema, "nisaidie kumpeleka huyu chumbani kwangu. Wewe umeshakaa naye vya kutosha. Mimi ndiye niliyemzaa."

Tukamshika, yeye upande huu na mimi upande ule, tukampitisha chini ya pazia.